Simu Iliyoendelea Kuhesabu Wiki

Kupiga pasi ni kazi ya kusimama. Mke wa Fundi Rangi alisimama kwa saa nane kila siku katika duka la dobi, mbele ya meza ndefu, pasi ya mvuke mkononi. Mashuka ya nyumba za wageni yaliletwa kwa mafungu. Akimaliza fungu moja, jingine liko mlangoni. Wateja walimwita Dada Pasi. Jioni alirudi nyumbani amechoka hoi, akavua viatu, akakaa kitandani bila kusema neno. Mumewe, aliyeshinda juu ya ngazi akipaka rangi nyumba za watu, alikaa upande wa pili. Siku nyingi ndivyo walivyosalimiana.

Zamani hawakuwa hivyo. Miezi michache nyuma Dada Pasi alikuwa na mimba, ya kwanza baada ya miaka sita ya ndoa. Hawakumtangazia mtu. Waliojua walikuwa wanne tu: yeye, mumewe, muuguzi wa kliniki na wifi yake. Fundi Rangi alileta rangi ya manjano iliyobaki kazini, akapaka pembe moja ya chumba, mahali ambapo kitanda cha mtoto kingekaa.

Ilipofika miezi minne, mimba iliharibika.

Wifi yake, dada wa Fundi Rangi, alikuwa msusi. Alifunga kazi siku tano akaja kukaa naye. Alimfulia, akampikia, akamsuka nywele ili asijione mgonjwa. Usiku alilala chini kwenye mkeka na kumshika mkono. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na wifi huyu alifaa kweli.

Dada Pasi alirudi kazini. Huzuni aliibeba kimyakimya, maana mashuka hayasubiri mtu amalize kulia. Lakini simu yake haikumpa nafasi. Akiifungua aangalie saa, anaona kitanda cha mtoto. Akitaka kusoma habari, katikati ya habari kuna nepi. Akitazama video ya kuchekesha, kwanza anaonyeshwa mama amembeba mtoto mchanga, anatabasamu. Mwanzo alidhani ni bahati mbaya. Baada ya wiki kadhaa hakudhani tena. Kuna mtu amesema, aliwaza. Kuna mtu ametoa siri yangu na namba yangu.

Jumapili moja wifi yake alikuja kumtembelea. Hata hajakaa, Dada Pasi akamwonyesha simu.

"Umemwambia nani?"

"Nimemwambia nani nini, wifi?"

"Usijifanye hujui. Hawa wenye maduka wamejuaje? Huko saluni mnasuka nywele au mnasuka maneno?"

"Mimi? Mimi nikuseme wewe?"

"Nani mwingine? Kaka yako huyo hata salamu humtoka kwa shida. Muuguzi hajui ninapoishi. Umebaki wewe."

 Macho ya wifi yake yalijaa maji. Akachukua mkoba wake.

"Siku ukinihitaji, unajua nilipo," alisema, akaondoka.

Fundi Rangi alirudi akakuta vikombe viwili vya chai havijaguswa.

"Umemfukuza dada yangu?"

"Nimemuuliza tu."

"Mke wangu, ulimi hauna mfupa, lakini leo umevunja kitu." Alisema hivyo, akaenda kunawa rangi mikononi. Hakuwa na nguvu za kugombana, na mkewe hakuwa nazo pia.

Wiki mbili zikapita. Wifi hakuja. Dada Pasi aligundua kwamba hakuwa na mtu mwingine wa kumlilia. Mtoto alikwisha kumpoteza. Sasa alikuwa anampoteza na wifi. Hilo lilimchosha kuliko pasi.

Alhamisi, saa tano asubuhi, simu ililia mfukoni mwa aproni yake. Aliisoma huku pasi iko juu ya shuka. Iliandikwa: "Hongera! Wiki ya thelathini. Sasa mtoto wako anafungua na kufumba macho."

Alipozinduka, shuka lilikuwa limeungua. Chini ya ule ujumbe palikuwa na tangazo la duka la vitu vya watoto, na anwani yake. Duka lilikuwa mitaa miwili tu kutoka hapo. Saa ya chakula cha mchana ilipofika hakula. Alikwenda, aproni kiunoni.

Dukani alimkuta mwanamke wa makamo mwenye miwani, amekaa nyuma ya meza yenye kompyuta.

"Karibu, dada. Nikusaidie nini?"

"Nataka kumjua aliyewapa namba yangu."

"Samahani?"

"Mnanitumia vitanda. Mnanitumia nepi. Mtoto wangu amekufa kabla hajazaliwa, na nyinyi mnanitumia nepi! Nani amewaambia habari zangu?"

Wateja wawili waligeuka. Yule mwanamke alivua miwani, akaiweka mezani polepole. Kisha akavuta kiti.

"Kaa, dada yangu. Pole. Pole sana. Mimi ndiye karani wa matangazo hapa. Yale yote naandika mimi. Njoo uone ninachokiona."

Aligeuza kompyuta. Dada Pasi alisoma taratibu: Wanawake. Umri, miaka ishirini hadi arobaini. Wanaoishi karibu na hapa. Wanaopenda vitu vya watoto. Chini yake: watu elfu kumi na mbili.

"Jina langu liko wapi?"

"Halipo. Namba yako pia sina. Kundi hili ni kama kikapu: mimi naambiwa tu kina watu wangapi, siwaoni waliomo. Duka linalipa, na mtandao unapeleka tangazo kwa wote waliomo kikapuni."

"Na nani alinitia humo? Simu inanisikiliza nikiongea?"

"Wengi wanauliza hivyo. Lakini haina haja ya kukusikiliza. Unachoandika na unachotazama vinatosha. Nipe simu yako tuangalie pamoja."

Karani alipitisha kidole kwenye kioo, akasimama kwenye picha ndogo ya waridi.

"Hii programu ya kuhesabu wiki za mimba, uliiweka lini?"

"Siku niliyojua. Iliniuliza tarehe ya kujifungua, nikajaza. Iliniuliza mahali ninapoishi, nikajaza. Kila iliponiuliza kama nakubali, nilibonyeza Nakubali." Sauti yake ikapungua. "Nilikuwa na furaha."

"Na vitanda ulivitafuta mtandaoni?"

"Kila siku. Nilikuwa natazama tu."

"Ndivyo ilivyokuwa. Ulipobonyeza Nakubali, uliruhusu programu iwape wafanyabiashara habari zako. Ulipotafuta vitanda, mtandao ukakumbuka. Ile programu haijui kilichotokea hospitali. Inajua tarehe uliyoijaza, basi inaendelea kuhesabu." Karani akapumua. "Sisemi kosa ni lako. Yale maelezo marefu hata mimi siyasomi, na hii ndiyo kazi yangu. Kila Jumatatu naandika 'Hongera, mama mtarajiwa!' Sikuwahi kufikiri yanamfikia nani."

 Dada Pasi akasema, "Wifi yangu."

"Wifi yako amefanya nini?"

"Hajafanya kitu. Nimemfukuza bure."

 Karani akamsogezea simu.

"Shika mwenyewe, ili ujue njia. Kwanza fungua hiyo programu. Usiing'oe tu. Ukiing'oa simuni, habari zako zinabaki kwao. Tafuta palipoandikwa Futa akaunti. Bonyeza. Sasa ndiyo uiondoe."

 Dada Pasi alibonyeza. Picha ya waridi ikatoweka. Alijisikia kama anamzika mtoto mara ya pili, na machozi yakamtoka pale pale dukani. Karani alimsubiri. Mteja aliyetaka kulipa naye akasubiri.

"Tuendelee?"

"Tuendelee."

Waliingia kwenye mipangilio ya simu, wakatafuta sehemu ya matangazo. Hapo alijifunza kwamba simu ina namba maalumu ambayo wenye matangazo huitumia kuifuata, na kwamba namba hiyo inaweza kufutwa. Alifuta na orodha ya vitu alivyowahi kuvitafuta. Kisha wakafungua programu nyingine moja moja, wakaondoa ruhusa ya kujua mahali alipo. Programu ya tochi nayo ilikuwa na ruhusa hiyo.

"Tochi inataka kujua ninapoishi ili iweje?" Dada Pasi aliuliza.

"Ili ikuangazie mpaka mlangoni," karani alijibu, na wote wawili wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliochoka.

"Sikudanganyi," karani aliongeza. "Hayataisha leo. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini bomba tumelifunga. Likija tangazo la mtoto, bonyeza nukta tatu pembeni yake, uchague usionyeshwe tena. Usilifungue hata kwa hasira, maana mtandao utadhani umelipenda. Na siku nyingine programu ikikuuliza, jiulize nawe: inahitaji jambo hili kwa kazi gani? Kama haihitaji, kataa."

Jioni hiyo Dada Pasi hakwenda nyumbani. Alikwenda saluni. Wifi yake alikuwa anamsuka mteja, hakugeuza kichwa. Dada Pasi alikaa kwenye benchi na miguu yake iliyovimba, akasubiri hadi mteja alipoondoka.

"Wifi, nisamehe. Hukusema. Nilisema mwenyewe, kwa kidole changu."

Alimweleza yote, kuanzia shuka lililoungua. Wifi yake alisikiliza huku anafagia nywele. Kisha akaweka ufagio, akatoa simu yake, akaifungua. Kitanda cha mtoto. Akasogeza. Nepi. Akasogeza. Kitanda kingine, chenye chandarua.

"Hiki nilitaka kukununulia," alisema. "Nilikitafuta kwa siri, nikushangaze. Tangu siku ile matangazo yananifuata. Yakija naingia chooni nalia, halafu natoka nasuka. Siku ulipokuja juu nilitaka kukuonyesha. Nikaona haya."

Dada Pasi aliishika ile simu. 

"Lete. Fungua mipangilio. Bonyeza mwenyewe, ili ujue njia."

Matangazo yalipungua wiki ile, wiki iliyofuata yakapungua zaidi. Pale kwa dobi, Dada Pasi aliwafundisha wenzake. Mmoja alikuta mchezo wa mwanawe una ruhusa ya kusoma majina yote ya watu simuni mwake. "Kumbe nilifuga mpelelezi!" alisema, akaung'oa.

Kisha ikafika ile tarehe ambayo mtoto angezaliwa. Dada Pasi aliamka akiijua. Hakuwa na nguvu za kwenda kazini, akaomba ruhusa. Mumewe alisimama mbele ya ile pembe ya manjano.

"Nipake rangi nyingine?"

"Iache," alisema.

Wifi yake alikuja na kitana na mafuta. Akakaa kitandani, Dada Pasi akakaa chini katikati ya magoti yake. Simu ilikuwa sakafuni kando yao. Ilipita saa moja, ikapita ya pili. Hakuna aliyesema Hongera. Mara kioo kikawaka, na mkono wa wifi ukasita kichwani.

Dada Pasi aliinua simu, akatazama, akampa wifi yake.

Lilikuwa tangazo la matairi ya lori. Ukinunua manne, unapata la tano bure.

"Sisi?" wifi akauliza. "Ambao hatuna hata baiskeli?"

Walicheka mpaka Fundi Rangi akaja mlangoni kuuliza kuna nini. Walicheka mpaka Dada Pasi akalia, na safari hii alilia vizuri, kichwa kikiwa kwenye goti la wifi yake.

"Wenye matangazo wametupoteza," alisema alipoweza kusema.

"Waache wapotee," wifi alijibu, akaendelea kusuka.