Chujio Nililoliosha kwa Sabuni

Kila Jumamosi asubuhi, kabla akina mama wa kijiji chetu cha Misiera hawajaanza kupanga mifuko yao ya mahindi mlangoni, kazi yangu ni kuosha chujio. Mashine yetu ya kusaga inaendeshwa na injini ya dizeli. Ni ya silinda moja tu, lakini makelele yake yanamtosha kila mtu huku Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi nchini Uganda. Mama yangu, Annonciata, ndiye anayeiendesha kwa niaba ya kikundi cha akina mama walioinunua. Yeye huangalia oili, hujaza maji ya kupoza na kukaza mkanda. Mimi nilipewa chujio la dizeli, la kitambaa kinene, nilipoingia darasa la sita, na siku hiyo nilitembea nimeinua shingo kama kiranja mkuu.

Kazi yenyewe si ngumu. Unafunga koki ya tangi, unafungua kikombe cha chujio, unalitoa na kulisugua kwa brashi laini katika beseni lenye dizeli safi, kisha unalirudisha mahali pake. Siku ya kwanza Mama aliniambia, "Filtri inaoshwa na mazutu tu. Hakuna maji." Mazutu ndiyo dizeli, kwa watu wa kwetu Kivu, Kongo. Hakunieleza sababu, nami sikuuliza. Nikimaliza, nachora alama ya chaki mlangoni ili Mama ajue kwamba anaweza kuwasha.

Tatizo lilikuwa harufu. Dizeli ikishaingia kwenye kucha haitoki hata ukisugua kwa majivu, na Jumamosi mchana nina mazoezi ya kwaya. Siku moja tulipokuwa tumesimama mstari wa mbele, Vanessa, aliyesimama kando yangu, aliziba pua na kusema, "Eh, Béné, leo umekunywa mazutu?" Kwaya nzima ilicheka. Hata mwalimu wetu aligeukia ukutani ili asionekane akitabasamu. Nilificha mikono nyuma na kuimba nikiwa nimeinamisha kichwa. Nyimbo ziliisha lakini aibu haikuisha.

Wiki nzima nilikuwa nikiwaza namna ya kuikwepa harufu ile. Jumamosi iliyofuata nikajiona nina akili kuliko mama yangu. Sabuni huondoa mafuta kwenye sahani, nikawaza, na huondoa mafuta kwenye shati. Itashindwaje na chujio? Nikachota maji, nikatia sabuni ya unga, nikalifua chujio kama ninavyofua sare yangu. Povu likatoka jeusi, halafu kijivu, halafu jeupe. Sijawahi kuliona chujio limetakata namna ile! Nikalikamua, nikalianika juu ya jiwe. Mahindi ya mgao yalikuwa yametolewa wiki hiyo na foleni ilikuwa imeshaanza, kwa hiyo sikungoja sana. Nje lilikuwa kavu. Ndani sikuangalia. Nikalirudisha, nikaimwaga dizeli ya kuoshea katika tangi ili isionekane kwamba haikutumika, kisha nikachora alama yangu ya chaki, kubwa kuliko siku zote.

Mama akamimina katika tangi mtungi wa dizeli aliotoka kuununua kwa Mzee Eliezeri, muuza dizeli, akatoa hewa, akazungusha hendeli. Injini ikanguruma. Mama wa kwanza akapata unga wake, wa pili akapata, na wa tatu mfuko wake ukiwa nusu, injini ikakohoa. Moshi mweupe ukafuka, ikakohoa tena, ikazimika. Mama alizungusha hendeli mpaka akaloa jasho, lakini wapi. Alipolegeza skrubu ya chujio, yakadondoka matone ya maji.

"Maji!" Mama alipaza sauti. "Bamama, muone! Eliezeri ametutilia maji mu mazutu!"

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, brashi mkononi. Nilijua maji yale yametoka wapi. Nilifungua mdomo, nikaona jinsi akina mama zaidi ya ishirini walivyokasirika, nikaufunga.

Mzee Eliezeri ana duka dogo hapo Misiera, na mbele ya duka ana pipa la dizeli. Kwao Kivu, huko milimani, alikuwa mfugaji. Aliitwa, akaja kofia ikiwa mkononi.

"Mama Béné," alisema polepole, "miye nauza mazutu hapa mwaka wa sita. Nionyeshe mutungi, tuangalie pamoja."

"Mutungi ulishaisha. Tulishaweka yote mu mashine."

"Basi tutajuaje?"

"Tunaona kwa macho, Muzee! Haya si maji?"

Mzee alivaa kofia yake na kuondoka, na watoto wadogo wakamfuata nyuma wakiimba, "Maji! Maji!" Mchana ule nilikwenda kwaya. Mikono yangu ilinukia sabuni na Vanessa hakuziba pua, lakini sikuimba hata ubeti mmoja.

Kufikia Jumatatu, wenye mashine nyingine na mafundi wa kuchomelea walikuwa wameacha kununua kwake. Nilipita mbele ya duka lake nikienda shule, nikamwona amekaa kando ya pipa lake, hana mteja. Nilivuka barabara ili asinisalimie.

Na huko shule alikuwako Ikirezi, binti yake, tuliyekuwa tukikaa naye dawati moja. Muda wote ambao wengine walininung'unikia harufu, yeye hakuwahi kusogea hata kidogo. Sasa darasa zima lilikuwa likimwita Mama Maji. Wakati wa mapumziko alinivuta kando. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Béné, weye uko kila siku pale ku mashine. Niambie kweli. Baba anaweza kufanya vile?"

Hapo ndipo ningesema. Tulikuwa wawili tu. Badala yake nilitazama viatu vyangu na kusema, "Sijui."

Ikirezi alikwenda kuchukua mkoba wake na kuhamia dawati la nyuma. Nimefanya mambo mengi ya kijinga maishani, lakini nikilikumbuka neno lile moja, mpaka leo uso unanichoma.

Siku ya Alhamisi Mama alinitoa shule nimsaidie kubeba vyuma. Alikuwa amefungua pampu ya dizeli na nozo inayonyunyiza dizeli ndani ya injini, akavifunga kwenye kitambaa pamoja na chujio, ili tuvipeleke kwa fundi mjini Mbarara. Mimi nilipewa chupa ya maji ya kunywa iliyojazwa dizeli kutoka katika tangi.

"Hiyo chupa uishike vizuri," aliniambia. "Fundi ataandika karatasi kama iko na maji. Kamati ya kambi ikiona ile karatasi, Eliezeri hatauza tena hapa hata tone."

Kwa hiyo njia nzima nilipakata chupa ile. Kila gari liliporuka shimo niliomba ipasuke, halafu nikaomba isipasuke, kwa maana nilijua imebeba ukweli wote, na mimi nilikuwa nauogopa.

Karakana ya Fundi Katungi iko mtaa wa Nyamityobora, katikati ya maduka ya vipuri. Ni mtu mnene, mcheshi, mwenye ovaroli isiyojulikana tena ilikuwa rangi gani. Aliichukua chupa, akaiweka dirishani penye mwanga, kisha akaanza kuifungua pampu. Alifanya kazi yake bila haraka huku akipiga mluzi. Baada ya muda akarudi dirishani, akainama, akaitazama chupa kwa chini.

"Nyabo," alimwambia Mama, "hii dizeli iko safi kabisa. Kama maji ingekuwa ndani, ingelala hapa chini. Wewe unaona kitu?"

Mama aliinama, akatazama sana. Hakukuwa na kitu.

"Basi maji yalitoka wapi?"

Fundi alichukua chujio, akalibinya kwa vidole viwili na kuvisugua. Povu jeupe likatoka. Akanusa, akacheka mpaka tumbo likatikisika.

"Bambi, maskini! Hii wamefua na sabuni, kama shati ya kwenda kanisa! Nani alifanya?"

Mama hakucheka. Alijinyoosha, akamkazia macho. "Hapana, Fundi. Ile filtri inaoshwa na mutoto wangu huyu, na mutoto wangu anajua kazi yake. Hawezi kufanya vile. Tafuta sababu ingine."

Afadhali angenipiga kofi. Kupigwa ningevumilia, lakini kutetewa namna ile mbele ya mtu, kwa jambo nililolifanya, kulinishinda. Machozi yalinitoka kabla ya maneno.

"Ni miye, Mama. Niliosha na sabuni. Niliogopa kunuka mazutu ku kwaya. Muzee Eliezeri hakufanya kitu."

Fundi Katungi aliacha kucheka. Mama alikaa juu ya tairi kuukuu lililokuwa karibu naye. Nadhani fundi alituonea huruma, kwa sababu alinisogezea pampu na kuniita niangalie.

"Mtoto, kuja hapa. Ona hii chuma na hii. Zinaingia moja ndani ya ingine, hata unywele haiwezi kupita katikati. Zinajipaka mafuta na dizeli yenyewe. Wewe ukileta maji, zinashika kutu, zinakwaruzana. Sabuni nayo inaziba hii nozo. Ndiyo sababu tunaosha na dizeli. Umeelewa?"

Nilielewa. Aliisafisha pampu, akabadilisha nozo, akatupa chujio jipya. Njia ya kurudi Mama alisema sentensi moja tu, tena hakuisemea upande wangu: "Na miye ndiye nilitaja jina yake mbele ya batu."

Jumamosi ilipofika, foleni ilikuwa ndefu kuliko ya wiki iliyopita. Mama alikuwa ameshairudisha pampu, lakini hakuwasha. Alituma mtu kwa Mzee Eliezeri. Watu walipomwona anakuja na Ikirezi nyuma yake walianza kunong'ona, wakidhani sasa atahukumiwa.

"Baba Ikirezi," Mama alianza, "nilikusingizia hapa, mbele ya hawa batu. Mazutu yako ilikuwa safi. Nilisema bila kuchunguza. Munisamehe." Kisha akanigeukia. "Béné, sema."

Sijui miguu yangu ilinifikishaje katikati ya watu. Niliwaambia yote: sabuni, jiwe, dizeli niliyoimwaga katika tangi, alama ya chaki. Niliwaambia kwamba nilijua tangu tone la kwanza. Hakuna aliyenizomea, na nilitamani wanizomee.

Mzee Eliezeri aliivua kofia.

"Siku ya kwanza nilikasirika," alisema. "Siku ya pili nikaanza kujiuliza miye mwenyewe. Nilimwaga pipa yote mu mitungi, mumoja mumoja, natafuta hayo maji. Nikasema, pengine nimezeeka. Pengine nilitia maji bila kujua. Nilifika pahali ya kutojiamini mu nyumba yangu."

Akina mama waliokuwa wakipiga kelele juma lililopita waliangalia chini. Mama alijifuta macho kwa kitenge.

"Nimekusamehe, mwanangu," mzee aliendelea. "Mama Béné, na weye pia. Lakini Ikirezi mumuulize mwenyewe. Miye siwezi kusamehe kwa niaba yake."

Nilimgeukia Ikirezi. Hakuwa na hasira usoni. Alionekana amechoka tu.

"Nilikuuliza," alisema. "Ukasema hujui."

"Nilijua," nilimjibu. "Nisamehe."

Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Mama alinipa mtungi mtupu. "Nenda ukanunue mazutu kwa Baba Ikirezi. Usipite nyuma ya nyumba. Pita katikati ya soko, batu bakuone unaenda wapi." Nilipita katikati ya soko. Kila aliyeniuliza nakwenda wapi nilimjibu kwa sauti, na jioni ile nilimwona fundi mmoja wa kuchomelea amesimama tena mbele ya lile pipa.

Jumatatu nilimwomba mwalimu ruhusa, nikasimama mbele ya darasa na kurudia maneno yale yale. Jina la Mama Maji lilikufa siku hiyo. Ikirezi alikaa dawati la nyuma siku mbili zaidi. Siku ya tatu nilikuta mkoba wake uko mahali pake pa zamani, na hatukulizungumzia.

Nilikuwa na hakika kwamba Mama ataninyang'anya kazi ya chujio. Lakini Jumamosi iliyofuata aliniwekea beseni mbele yangu, akamimina dizeli, akanipa brashi. Alikaa kando yangu mpaka nilipomaliza kusugua.

"Béné," alisema, "miye sikukueleza sababu ya kukataza maji, na weye hukujua sabuni itafanya nini. Ile ni kosa ya mutoto, na fundi aliitengeneza. Lakini siku tano mwenzako analia kwa sababu yako, na weye unajua, na unanyamaza. Ile hakuna fundi Mbarara mwenye kuitengeneza. Ukikosa, sema siku ile ile, ungali unatetemeka. Ukingoja woga uishe, mutu mwingine ndiye atabeba kosa yako."

Nilirudisha chujio mahali pake, nikakaza kikombe. Mama alikikagua kwa kidole pande zote, kisha akaninyooshea chaki.