Tulisema ni Moyo

Kinyozi alikuwa na viti viwili na benchi moja. Viti vilikuwa vya wanaonyolewa. Benchi lilikuwa la wanaosubiri, ingawa wengi wao hawakusubiri chochote. Walikaa, wakapiga soga, wakabishana kuhusu mpira, kisha wakaenda zao na nywele zao zile zile.

Mmoja wao alikuwa kijana aliyeitwa Tabasamu. Alikuwa mcheshi kupindukia. Kinyozi alimpenda kwa sababu alivuta wateja. Tangu mwanawe wa kwanza afariki, kinyozi mwenyewe hakuwa na mzaha mwingi.

"Mzee, ukimnyoa huyu hivyo, masikio yataonekana makubwa," Tabasamu alisema asubuhi hiyo.

"Masikio ni yake. Mimi sikuyaleta," kinyozi alijibu.

Watu walicheka. Kinyozi alitazama saa. Roho yake ilikuwa juu. Alitaka kwenda nyumbani kumtazama binti yake.

Binti huyo waliyemwita Kitinda alikuwa fundi cherehani. Aliteleza kwenye ngazi za soko, akavunjika mguu. Daktari wa zahanati ya jirani alimfunga plasta na kumpa vidonge vya maumivu. Mfupa uliunga, plasta ikatolewa, lakini vidonge havikukoma. Kila akirudi zahanati, daktari hakuugusa mguu. Aliuliza tu, "Vimekwisha?" Kisha akampa vingine, vingi kuliko vya kwanza.

Mchana kinyozi alimkuta Kitinda amelala kwenye kochi. Nguo ya mteja ilikuwa bado chini ya sindano ya cherehani. Alisimama akamtazama mpaka alipoona kifua kinapanda. Ndipo alipokiona kipakiti cha dawa juu ya meza. Alikifahamu. Vipakiti kama hicho walivikuta chini ya mto wa marehemu mwanawe.

Alikwenda jikoni.

"Mwenzangu, anameza zile zile," alimwambia mkewe.

Mkewe aliacha kukata vitunguu. "Una hakika?"

"Kama ninavyokujua wewe."

"Basi mwambie."

"Nimwambie nini? Tulishamwambia kaka yake alikufa kwa moyo. Tuliwaambia watu wote hivyo."

Ni kweli walisema hivyo. Kijana wao alikuwa fundi wa kupaka rangi. Alianguka kutoka kwenye ngazi, akaumia mgongo. Daktari huyo huyo alimpa vidonge hivyo hivyo, mwezi baada ya mwezi. Vilipokuwa havimtoshi, alinunua vingine mitaani. Asubuhi moja hakuamka. Wazazi wake waliona aibu. Hawakutaka mtu aseme mtoto wao alikuwa teja wa dawa za kulevya. Basi wakasema ni moyo, na hata Kitinda aliamini.

Kinyozi hakuweza kusema kweli, na hakuweza kukaa kimya. Akafanya jambo la haraka. Alichukua vidonge vyote, akavimwaga chooni.

"Baba, una nini?" Kitinda aliuliza alipoamka. "Hizo ni dawa zangu."

"Umepona. Huzihitaji tena."

"Nani kasema?"

"Mimi baba yako nimesema."

Kesho yake Kitinda alitokwa jasho huku anatetemeka. Alitapika. Tumbo lilimwendesha. Mguu uliokwisha kupona ulianza kumuuma upya. Mama yake alidhani ni malaria. Kinyozi alikwenda kazini. Alijiambia kwamba itapita.

Alasiri alikuwa nyuma ya duka, akifua taulo. Akasikia sauti ya binti yake mbele, pale kwenye benchi.

"Tabasamu, wanasema wewe unavyo."

"Nikose mimi, dada? Vinatoka pale pale zahanati, kwa mlango wa nyuma. Hata kaka yako alikuwa anavifuata hapa hapa."

Kinyozi aliacha kufua. Mtu aliyemwuzia mwanawe sumu alikuwa ameketi kwenye benchi lake, akichekesha wateja wake. Alitoka na taulo mkononi, maji yakimtiririka miguuni.

"Toka dukani kwangu," alisema.

Tabasamu hakutoka mbio. Alisimama taratibu, akatabasamu kama kawaida yake.

"Sawa, mzee. Lakini duka lako ni la mbao. Mbao zinashika moto upesi. Usiwe na maneno mengi."

Kinyozi aliogopa. Aliogopa duka, na alimwogopea zaidi binti yake. Alimshika mkono, wakaenda moja kwa moja kwa jirani yao, mama mmoja mfamasia.

Mfamasia aliwakaribisha sebuleni. Alimtazama Kitinda machoni, akamshika kifundo cha mkono, akamuuliza maswali machache.

"Jirani, hii si malaria," alisema. "Mwili wake umezoea dawa. Dawa zimekatwa ghafla, sasa mwili unazidai."

"Kwa hiyo mwanangu amekuwa teja?" kinyozi aliuliza kwa sauti ndogo.

"Achana na neno hilo. Binti huyu alivunjika mguu, akameza alichopewa. Vidonge hivi ni vya ukoo mmoja na heroini. Vinasaidia maumivu makali kwa siku chache. Ukivimeza wiki nyingi, mwili unavizoea, kisha unataka zaidi. Hilo linaweza kumpata mtu yeyote, hata mimi."

"Nilivitupa ili kumwokoa."

"Najua. Lakini dawa hizi hazikatwi ghafla. Daktari anayejua kazi yake anazipunguza kidogo kidogo. Na kuna hatari nyingine. Mtu akiziacha, kisha akameza tena kiasi kile cha zamani, mwili hauwezi tena kukibeba. Pumzi inapungua mpaka inakatika. Ukichanganya na pombe au dawa za usingizi, ni mbaya zaidi."

"Mama, utajuaje kwamba mtu amezidiwa?" Kitinda aliuliza. Meno yake yalikuwa yanagongana.

"Unamwamsha haamki. Anapumua polepole sana, au anakoroma kwa namna ya ajabu. Midomo na kucha zinabadilika rangi. Mboni za macho zinakuwa ndogo mno. Ukiona hivyo, usingoje. Mlaze ubavu, usimpe chakula wala maji, usimwache peke yake. Ita gari la wagonjwa, au tafuta gari lolote. Hospitali wana dawa ya kumrudishia pumzi."

Kinyozi aliinamisha kichwa.

"Alikoroma," alisema.

"Nani, baba?"

"Kaka yako. Usiku ule alikoroma sana. Mama yako alitaka kumwamsha. Mimi nikasema mwache, leo angalau kapata usingizi." Machozi yalimtoka. "Haikuwa moyo, Kitinda. Ilikuwa vidonge hivi. Tuliona aibu, tukakuficha."

Kitinda alilia pia. Alikasirika sana. "Mngeniambia, nisingemeza hata kimoja," alisema. Baba yake hakujitetea.

Jioni ile ile mfamasia aliwapeleka hospitali kubwa. Daktari wa huko alipanga namna ya kupunguza dawa. Alimwambia Kitinda arudi kila wiki, na vidonge akabidhiwe mama yake, awe anampa kimoja kimoja. Alisema pia kwamba dawa zinazobaki hazitupwi chooni wala hazigawiwi majirani. Zinarudishwa kwa mfamasia.

Kitinda alipata nafuu polepole. Zilikuwapo siku mbaya, siku za kununa na kugombana. Mama yake alimvumilia. Kinyozi naye hakuwa na raha. Kila aliposikia harufu ya moshi, alitoka mbio kuangalia duka.

"Ukikaa kimya, Tabasamu atawauzia wengine," mfamasia alimwambia. "Ipo mamlaka ya dawa. Wapo polisi. Mimi nitatoa taarifa, lakini watataka mtu aliyefikwa na jambo lenyewe."

"Nikisema, watu wote watajua mwanangu alivyokufa."

"Ndiyo. Watajua."

Siku ya mkutano wa mtaa, wakaguzi wa dawa walikuja na afisa wa polisi. Ukumbi wa shule ulijaa. Kinyozi alisimama. Alimwona Tabasamu mlangoni, amekunja mikono, anamkazia macho.

"Mwanangu alikufa," kinyozi alisema. "Tulisema ni moyo. Tuliwadanganya. Alikufa kwa vidonge vya zahanati yetu. Vingine aliuziwa kwenye benchi langu, na anayeviuza yuko pale mlangoni."

Watu waligeuka. Kisha muuza mboga, mama anayejulikana na kila mtu, akasimama.

"Na mimi wangu," alisema. "Sisi tulisema ni malaria."

"Sisi tulisema alianguka bafuni," alisema fundi bomba mmoja kutoka nyuma. Mkewe alikuwa anamvuta shati akae, lakini hakukaa.

Tabasamu hakufika mbali. Polisi walimkamata nje ya ukumbi. Wakaguzi waliingia zahanati, wakakuta stoo imejaa vidonge visivyo na maelezo. Zahanati ilifungwa, na daktari akapelekwa mahakamani. Kitinda alimaliza dawa zake, akarudi kwenye cherehani yake. Mguu humuuma kidogo siku za baridi. Siku hizo hujikanda kwa maji moto.

Duka halikuchomwa. Benchi bado lipo, na watu bado wanabishana kuhusu mpira. Juzi kijana mmoja mgeni alikuwa kitini, ananyolewa. Akaona picha ya marehemu ukutani.

"Mzee, huyu ni nani?"

"Mwanangu wa kwanza. Alifariki."

"Pole sana. Aliumwa nini?"

Kinyozi alizima mashine. Akamweleza yote: mgongo, vidonge, usingizi mzito, mkoromo. Kijana alisikiliza. Kisha akajivua kitambaa shingoni, akasimama.

"Samahani, mzee. Mama yangu anameza dawa za namna hiyo. Nimemwacha amelala."

Alitoka mbio na kichwa nusu kimenyolewa, na kinyozi hakumwita arudi.