Moto Mmoja Lihanje

Jichojoto, mtambo wa angani, lilizunguka juu ya mawingu likihesabu majiko. Kila alfajiri lilihisi joto la kila moto wa kupikia, nao ubongo-mashine wake ukagawa maji kwa hesabu hiyo. Kitongoji chenye chini ya majiko matano kwa siku tatu kiliitwa mahame, na bomba lake likafungwa. Jioni Jichojoto lilihakiki mara ya mwisho. Lisipoona majiko matano, bomba halikufunguliwa tena mpaka mwaka uliofuata.

Mhandisi Skolastika Haule ndiye aliyelibuni. Siku tatu za majaribio yeye na wenzake wote waliacha simu mlangoni pa chumba cha mitambo.

"Nsungu majiko thelathini na moja, Mkongo ishirini," msaidizi wake alisoma. "Lihanje moja. Si kwenu huko?"

Skolastika alitazama picha, akacheka. Moto ule ulikuwa uwanjani kwa mama yake.

"Mwone Mama! Wenzake wamehama, yeye kang'ang'ana. Sasa atakubali kuja kukaa nami."

Akaweka kidole gumba kuidhinisha, bomba la Lihanje likafungwa.

Alipochukua simu alikuta baba yake mdogo, Desderi, amempigia mara arobaini.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Tumekutafuta siku tatu."

"Nilikuwa kazini. Mama kabaki peke yake? Nakuja kumchukua."



"Lihanje nzima ipo hapa kwenu. Nsungu na Mkongo wametuletea unga. Mama yako tulimzika jana, Skola. Tulikungoja tukashindwa."

Majuto ni mjukuu, lakini haya hayakungoja kuzaliwa. Lihanje, msiba ukitokea, kila nyumba huzima moto wake. Wote hupika na kula kwa mfiwa mpaka matanga yaanuliwe. Yeye mwenyewe utotoni alitumwa kumwagia maji jiko la kwao. Na ndiye aliyesahau.

"Na bomba limekauka," Desderi aliendelea. "Watu hata kunawa hawajanawa. Wanasema mashine ni yako, hebu tusaidie."

"Baba mdogo, kulifungua mwenyewe siwezi, mashine inasikia majiko tu. Waambie warudi makwao wawashe moto. Sasa hivi, kabla ya jioni. La sivyo Lihanje haina maji tena."

"Matanga hayajaanuliwa."

"Najua."

"Watu waliomzika mama yako, mimi niwafukuze msibani kwake? Siwezi, mwanangu. Njoo uwaambie mwenyewe."

Simu ikakatika. Lihanje ilikuwa mwendo wa siku nzima. Skolastika alikaa sakafuni pale mlangoni, akaanza peke yake kilio ambacho wenzake walikuwa wamekwisha kukilia bila yeye.