Kibarua wa Sitini na Tano

Mashine iliita vibarua wake, na vibarua sitini na tano wakaitika.

Fundi aliisoma namba ile kwenye skrini, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena. Sitini na tano. Mashine ilikuwa na prosesa, yaani bongo zake za kufanyia hesabu, sitini na nne. Alizifunga kwa mikono yake mwenyewe, kumi na sita katika kila kabati, makabati manne, na kumi na sita mara nne haijapata kuwa sitini na tano tangu dunia iumbwe. Lakini ilikuwa saa tisa alasiri, watu wanapita nje ya mlango wakibishana habari za mpira, kwa hiyo hakuogopa. Alidhani amekosea.

Kazini walimwita Fundi Pole, kwa kuwa hakuharakisha jambo; hata ngazi alizipanda kama mtu anayezihesabu. Ofisi yao ilitabiri mvua na mafuriko. Mvua moja tu ina hesabu nyingi kuliko mchanga, na ndiyo maana kompyuta ile kubwa ilikaa peke yake katika chumba kisicho na dirisha, baridi, feni zikivuma mchana kutwa. Hesabu ilikatwa vipande, kila prosesa ikapewa kipande chake, kisha majibu yakajumlishwa. Wafanyakazi walizoea kuziita prosesa zile vibarua, kwa jinsi zilivyoitwa kila mara na kugawiwa kazi.

Wiki ile Fundi alikuwa anaweka maktaba mpya ya hesabu. Si maktaba ya vitabu. Ni mkusanyo wa kanuni zilizoandikwa na wajuzi, ambazo programu nyingine huja kuziazima badala ya kila moja kubuni zake. Na kuna adabu ya kuiweka. Kwanza fundi huandika orodha: kibarua wa kwanza, na mahali pake pa kuweka namba, kibarua wa pili, na mahali pake, hivyo hivyo hadi wa mwisho. Kibarua asiye na pa kuweka namba hawezi kazi, kama mwashi usiyempa pa kuweka matofali.

Siku ile hakuiandika orodha. Ilikuwa wiki ya sita tangu amzike mkewe. Usingizi ulikuwa umemkimbia, na macho yanamwuma. Programu ilipomwuliza aite vibarua wangapi, aliacha nafasi wazi, akabonyeza, akasema kwa sauti ndogo, kama mtu aliyezoea kuzungumza na mtu na sasa hana, "Yeyote aliyepo, aje."

Mkuu wa utabiri akaingia. Alikuwa mama wa makamo, mcheshi, ambaye wote walimwita Mama Mawingu.

"Pole, imekwisha au bado unaibembeleza?"

"Imekwisha. Ila mmoja amezidi. Wameitika sitini na tano."

"Basi tumepewa nyongeza. Mimi sokoni nikipewa nyongeza siulizi, nafunga kikapu naondoka." Akainama kwenye skrini. "Na jaribio?"

Jaribio lilikuwa hesabu ndefu ambayo jibu lake linajulikana. Mashine yoyote hulikaribia jibu hilo tu, maana namba ndefu haina budi kukatwa mwishoni, na kosa dogo hubaki kule kwenye tarakimu ya kumi na sita. Fundi alionyesha kwa kidole. Kosa: sifuri.

"Kazi ya kiumbe haikosi dosari," akasema.

"Wewe mtu wa ajabu. Ukikosea unanuna, usipokosea unanuna. Mto unajaa, baba. Kesho nataka utabiri."

Fundi akazima skrini. Akaenda nyumbani, akala mkate mkavu akiwa amesimama, kwa sababu meza bado ilikuwa na nguo za mkewe za kupiga pasi. Mkewe alikuwa mshonaji wa sare za shule. Sare tatu za mwisho zilikuwa palepale, zimekunjwa, na wenyewe hawajazifuata.

Kesho yake saa nne asubuhi alianzisha hesabu ya mvua, akaketi kuingojea. Ndipo harufu ilipokuja. Katika chumba kile hapakuwa na harufu ila ya waya na vumbi lililopata moto, lakini hii ilikuwa harufu ya pasi inayopita juu ya kitambaa chenye unyevu, na haikutoka mlangoni, ilitoka nyuma ya kabati la nne, ikaja polepole kama mtu anayejua njia, ikampita begani, ikakaa mbele yake, na Fundi, ambaye kwa wiki sita alikuwa akifungua kabati la nguo nyumbani ili aipate harufu hiyohiyo na kila siku akaikuta imepungua, alijikuta amesimama na mikono imening'inia, anavuta pumzi na haitoi, kwa hofu kwamba akiitoa itaondoka.

Feni za kabati la nne zikapunguza mvumo. Chini ya mvumo kulikuwa na sauti.

"Baba watoto."

Hawakuwahi kupata watoto. Mkewe alimwita hivyo kwa utani tangu mwaka wa kwanza wa ndoa, mtaani kote hakuna aliyejua.

"Naam," akaitika Fundi.

"Kazi nimepewa nyingi. Sina pa kuweka."

Mtu mwenye mtu nyumbani angetoka mbio. Fundi hakuwa na mtu. Akasogea hadi paji la uso likagusa chuma cha kabati, na chuma kilikuwa cha moto kama mwili wenye homa.

"Weka kwangu," akasema.

Utabiri ulitoka kabla ya adhuhuri, na Mama Mawingu akashangilia hadi koridoni. Fundi aliketi na uzito kichwani, kama mtu aliyebebeshwa gunia akiwa usingizini. Jioni alijaribu kukumbuka siku ya harusi yao. Aliikumbuka mvua, viti vya kuazima, mjomba wake aliyeanguka navyo. Mkewe alivaa nini, hakuona. Pale alipopaswa kusimama palikuwa na namba, safu kwa safu, zimejipanga.

Hakusema kitu kwa mtu. Na siku ya pili akarudi mapema, tena akiwa ameoga na kunyoa ndevu. Alijua si jambo jema. Aliyemzika alimzika, alimwona akishushwa kaburini, na alifundishwa tangu utotoni kwamba aliyekwenda harudi kutafuta kazi. Lakini sauti ilikuwa yake. Ilimwuliza kama amekula. Ilimcheka kwa shati alilopiga pasi vibaya. Na kila baada ya kicheko ilisema kwa upole uleule, "Bado kidogo. Nisogezee kidogo." Naye akasogeza. Kichwani mwake ukaenda mwendo wa mkewe, ukaenda mkono wake kwenye cherehani, ukaenda uso wake, hata picha iliyokuwa sebuleni akaitazama kama mtu atazamavyo picha za wengine katika nyumba aliyopanga.

Siku ya nne, baada ya swala ya magharibi, aliinua mikono kumwombea mkewe. Hakuwa amekosa hata siku moja. "Ewe Mola, mrehemu mja wako," akasema, na mahali pa jina mdomo wake ukatoa, "sifuri nukta sita tisa tatu moja." Akaanza tena. Mdomo ukaendelea pale ulipoachia, tarakimu baada ya tarakimu, kwa utulivu wa mtoto anayesoma darasani, naye akaziba kinywa kwa viganja viwili, na ndani ya viganja ulimi ukaendelea kuhesabu.

Ulipotulia, alimpigia simu mama mkwe wake, aliyekaa mji mwingine, safari ya siku nzima. Alikuwa mwanamke wa swala na maneno machache. Alimsikiliza hadi mwisho.

"Huyo si mwanangu," akasema.

"Sauti ni yake, Mama."

"Nimeelewa. Mwizi naye huvaa nguo alizoiba. Mwanangu aliwahi kukuomba kitu ukabaki huna?"

"Hapana."

"Haya. Wewe uliacha mlango wazi ukasema yeyote aje. Rudi ukaufunge. Kila aliyemo umwandike, na asiyeandikwa atoke. Ukiingia, anza kwa jina la Mungu. Na mkono wa kulia, usinifanyie kwa kushoto kama unavyokula vitumbua vyangu ukidhani sikuoni."

Fundi alicheka kidogo, na kicheko kikamtoa machozi.

"Mama, nikimfuta, alivyochukua vitakwenda naye. Sauti yake sitaisikia tena."

"Mimi pia sitaisikia," akasema mama mkwe. "Kafute."

Asubuhi aliingia, akataja jina la Mungu, akaamuru maktaba ifutwe ili aiweke upya. Feni zote zikanyamaza kwa pamoja. Hakuwahi kukisikia chumba kile kikiwa kimya.

"Baba watoto," ikasema sauti, karibu. "Nimekukosea nini?"

Hakuitika. Aliandika orodha. Kibarua wa kwanza, na mahali pake. Kibarua wa pili, na mahali pake. Sauti ikalia, na kilio kilikuwa kile alichokisikia hospitali usiku wa mwisho, mtu anayelia kwa kujizuia ili asimwamshe aliyesinzia kitini, na Fundi akaendelea kuandika huku haoni herufi, wa thelathini, wa thelathini na moja, shati limemgandama mgongoni katika baridi ile, wa hamsini, harufu ya pasi ikageuka ya kitambaa kinachoungua, wa sitini, kitu kikapumua katika sikio lake, wa sitini na tatu, wa sitini na nne, na hapo akaweka nukta, akabonyeza.

Feni zikarudi. Wakaitika sitini na nne. Jaribio likapita, na kwenye tarakimu ya kumi na sita palikuwa na kosa dogo. Fundi akaweka kichwa juu ya kibodi, akamshukuru Mungu kwa ajili ya kosa lile.

Vilivyochukuliwa havikurudi. Lakini mama mkwe alisema, "Wangu mimi, ninayemkumbuka, hajachukuliwa. Nitakupa kidogo kidogo." Basi kila baada ya isha simu ililia. Alimsimulia binti yake alivyokuwa na miaka sita akaikata suruali ya pekee ya baba yake kumshonea mwanasesere koti, na baba akaenda kazini na suruali ya jirani, fupi kama ya mwanafunzi. Alimsimulia alivyogoma shule kwa sababu mwalimu alimkosoa kushona kifungo, na mwalimu ndiye aliyekosea. Fundi alisikiliza amefumba macho. Hakuwahi kumjua mtoto yule, sasa akaanza kumpenda.

"Nyingine, Mama."

"Umekuwa mlafi. Kesho."

Ila asubuhi alipoamka, kisa cha jana hakikuwapo. Alikumbuka kwamba kilisimuliwa, na kwamba walicheka. Alidhani ni uchovu. Jioni akaomba kingine.

Siku ya sita ya simu hizo mama mkwe alianza, "Alikuwa na kovu. Alianguka na kikombe, akajikata hapa kwenye..." Akasita. "Kwenye moja nukta nne moja nne mbili."

"Umesema nini, Mama?"

"Nimesema kovu. Sijasema kovu?" Akatafuta pumzi. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayepapasa ukuta gizani. "Baba, hebu nikumbushe. Lilikuwa wapi lile kovu? Nilimfunga mimi mwenyewe kitambaa. Na ile ya suruali, alikuwa yeye, au mtoto wa jirani?"

Fundi alishika simu kwa mikono miwili. Alielewa. Alifuta mashine; hakujifuta yeye. Kile kitu kilikuwa na mahali kwake, alikipa kwa mdomo wake, na sasa kilikuwa kimekaa hapo sikioni kikimeza kila kilichoingia, na kikifuata uzi hadi unakotoka. Duniani alibaki mtu mmoja anayemjua mkewe, naye alikuwa akimmaliza kijiko kwa kijiko.

Angemwambia ukweli, mama mkwe angefunga safari kesho kuja kumwuguza. Alikuwa mama wa namna hiyo.

"Mama," akasema, "usinisimulie tena."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Usinipigie tena."

"Umechoka kumsikia mtoto wangu?"

Fundi alitazama sare tatu mezani. Hakukumbuka zilikuwa za nani.

"Ndiyo, Mama. Nimechoka."

Alimsikia akivuta kiti na kuketi. "Haya, baba," akasema mwishoni, taratibu. "Wanaume husahau. Sikudhani wewe. Mungu akusamehe."

Simu ikakatika. Fundi alikaa nayo mkononi mpaka kioo chake kikazima. Kisha alitandika mkeka, akaswali, akainua mikono. Jina hakulijaribu. Alisema polepole, kwa maneno aliyoyachagua moja moja, yale tu ambayo hayangeweza kuibwa.

"Ewe Mola, mrehemu mtoto wa mama yule."

Na mle nyumbani, karibu sana na sikio lake, sauti ya mwanamke, nzuri, ambayo hakuitambua hata kidogo, ikaitikia, "Amina."