Kitanda cha Mzee cha Kukunja Ukutani

Kila asubuhi, kabla ya kushona chochote, Mama Cherehani alimwinua baba yake.

Mzee alilala sebuleni, kwenye godoro lililotandikwa chini. Sebule hiyo ndiyo ilikuwa pia chumba cha kushonea. Mama Cherehani alishika mkono wa kushoto, mumewe akashika wa kulia.

"Haya, moja, mbili, tatu!"

Magoti ya mzee yakalia ka! Kisha godoro likaviringishwa na kusimamishwa kwenye kona, na meza ya kukatia vitambaa ikafunguliwa.

"Siku hizi nainuliwa kama gunia la mkaa," mzee alitania.

Mzee huyu alikuwa mpeleka barua kwa miaka thelathini. Alipanda vilima na kushuka mabonde, mfuko begani. Sasa kuinuka tu kutoka chini kulimshinda.

Alikuwa mjane, na awali aliishi peke yake katika nyumba yake ya zamani. Siku moja alianguka uani. Alikaa pale chini nusu siku bila mtu kujua. Hapo Mama Cherehani akamhamishia kwake, akaapa kwamba baba yake hataishi tena peke yake. Lakini kila wiki mzee aliuliza, "Nitarudi lini kwangu? Mzigo huu mtaubeba mpaka lini?"

"Baba, wewe si mzigo!"

"Mwanangu, kitu kinachoinuliwa na watu wawili kinaitwaje?"

Kitanda cha kawaida hakikuwezekana. Kikiingia kitanda, meza itoke. Meza ikitoka, watoto watakula nini?

Jioni moja mzee alianza kukumbuka. "Nyinyi sita mlilala kitanda kimoja, mzungu wa nne. Wewe kichwa chako kilikuwa miguuni kwa kaka yako. Mama yenu alipita na taa akihesabu. Huku vichwa vitatu, kule vichwa vitatu. Akikosa kimoja, alijua umeanguka uvunguni."

Mama Cherehani aliacha kukanyaga cherehani. Aliikumbuka nyumba ile. Alikumbuka harufu ya sabuni kwenye mashuka, na kicheko cha mama yake, na kokoto za njiani zilivyolia baba aliporudi kazini. Walikuwa wengi vile, na nafasi ilipatikana! Leo mtu ni mmoja, nafasi hakuna. Ilimuuma sana.

"Tumtengenezee kitanda cha kukunja ukutani," mumewe akasema. Yeye alikuwa dereva wa lori la mchanga, na kitanda kama hicho alikiona safarini. "Usiku kinashuka, mchana kinapanda. Mbao chache, pini mbili za chuma, basi! Kazi ya siku moja."

"Kazi yako ya siku moja huchukua mwezi," mkewe akamjibu. Lakini moyoni alifurahi.

Jumamosi wakaanza. Mama Cherehani akatoa futi ya kitambaa ya marehemu mama yake, ya rangi ya manjano iliyofifia. Mama yake alipimia nguo kwa futi hiyo miaka arobaini, na yeye alijifunzia kazi kwa futi hiyo hiyo.

"Pimia hii," alimwambia mumewe. "Futi ya mama haijawahi kunidanganya."

Wakatengeneza kasha refu la mbao, wakaligongomea ukutani kwa misumari. Fremu ya kitanda ilikatwa kwa muuza mbao. Kitanda kingesimama ndani ya kasha kwa ubavu. Pini moja ya chuma kichwani na nyingine miguuni ndizo zingekishika kikipanda na kushuka.

Fremu ilipowekwa, ilikuwa fupi. Kila mwisho palibaki uwazi wa kidole gumba. Pini zikashika kwa ncha tu.

"Hiyo ni nafasi ya kupumua," mume akasema. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, lakini siku hiyo wahenga hawakualikwa.

Akapanda yeye wa kwanza. Kitanda kikatulia. Akajigeuza. Pu! Pini ya kichwani ikachomoka. Misumari ikang'oka na vumbi la plasta. Dereva akateleza kichwa chini, miguu juu. Watoto walicheka mpaka wakatoa machozi. Hakuumia popote, ila heshima yake.

Mzee hakucheka. "Na ningekuwa mimi?" aliuliza.

Mzee akaenda kuchukua begi lake, akaanza kukunja nguo. "Kesho nirudisheni kwangu. Kule kitanda changu kipo, kirefu, cha miguu minne."

Mama Cherehani alihisi kama moyo unapasuka. Kule hakukuwa na mtu wa kumwokota akianguka.

"Hodi! Kuna amani humu?" Alikuwa jirani yao, mama mstaafu aliyeitwa Mwalimu. Alifundisha useremala katika chuo cha ufundi miaka mingi.

"Karibu, Mwalimu. Amani imeanguka chini," dereva akajibu, akisugua kiuno.

Mwalimu alitazama kasha, akatazama fremu. "Kasha mlipimia nini?"

Wakamwonyesha. Mwalimu akatoa futi yake ya chuma mfukoni, akazilaza zote mbili mezani. Mwisho wa futi ya manjano ulisomeka sentimita mia moja na hamsini. Ya chuma, mahali hapo hapo, ilisomeka mia moja hamsini na tatu.

"Futi ya mama haisemi uongo!" Mama Cherehani alisema kwa ukali.

"Haisemi uongo, mdogo wangu. Imechoka. Kitambaa kikivutwa kila siku hurefuka."

"Mbona nguo zangu zinawakaa watu vizuri?"

"Kwa sababu unampima mtu kwa futi hii, na kitambaa unakikata kwa hii hii. Hapa kasha limepimwa kwa hii, na muuza mbao alipimia ya chuma. Ndiyo maana havikukutana. Kazi ya mbao ina futi moja tu, ya chuma, mwanzo mpaka mwisho."

Mzee aliichukua futi ya manjano, akaipitisha vidoleni. "Nilimnunulia mwaka tuliooana," alisema. "Aliitafuta nyumba nzima kila siku, na kumbe iko shingoni mwake!" Akacheka, halafu macho yakamlowa.

"Mzee," Mwalimu akasema kwa upole, "begi hilo liache kwanza. Nipe siku tatu."

Wakashusha kasha na kulifupisha. Mwalimu akagonga ukuta kwa vidole. "Sikilizeni. Hapa panalia ko ko, plasta imeachana na tofali. Msumari hapa unashika vumbi." Akatoboa mpaka ndani ya tofali na kukaza bolti ndefu. Pini akaweka ndefu, zilizopita ubao wa kasha na wa fremu na kufungwa kwa nati. Akaweka komeo mbili, ili kitanda kilichopandishwa kisimwangukie mtoto. Akaweka miguu imara ya mbele, na mshikio wa kamba, ili mzee asiiname sana.

Kisha akamkalisha mzee kitini, nyayo zote sakafuni, akampima goti. "Kitanda kiwe hapa. Kikiwa chini zaidi, magoti yatakuadhibu."

"Sasa nijaribu?" dereva akauliza.

"Wewe tumeshakuona. Leta viroba vya mchanga, vilale humo siku nzima. Mchanga hauvunjiki kiuno."

Viroba vililala siku nzima. Kitanda hakikutikisika. Siku ya tatu mzee akalala.

Asubuhi Mama Cherehani alitoka chumbani na mkono tayari, kama kawaida. Kitanda kilikuwa juu, komeo zote zimefungwa. Mzee alikuwa amesimama dirishani, shati limefungwa vifungo vyote.

"Baba! Nani amekuinua?"

"Nani tena? Nimekaa, nikasimama. Kama mtu."

Akaingiza mkono mfukoni, akampa ufunguo. "Huu wa ile nyumba yangu. Tafuteni mtu akae kule. Nyumba tupu huoza."

Mama Cherehani aliushika ufunguo kwa mikono miwili. Alilia palepale, wala hakujificha. Mzee alimpiga-piga begani, kisha akaenda kufungua meza ya kukatia.