Kikohozi Changu Mbele ya Kamati

Duka la kutoa nakala lililotazamana na lango la chuo lilikuwa limefurika, maana ilikuwa siku ya mwisho ya kupeleka makala kwa ajili ya mkutano wa watafiti. Mashine zilitoa joto na harufu ya wino ulioungua. Watu walibanana, na kijana mmoja alikuwa akimkoholea kisogoni dada aliyevaa gauni la rangi ya haradali na raba nyeupe.

"Samahani kaka, na hicho kikohozi nacho kimepanga foleni?"

"Kimenitangulia, dada. Mimi nimekisindikiza tu."

Dada alijizuia kucheka, akashindwa. Kijana akachungulia karatasi alizoshika.

"Huu ukurasa wa kwanza hukuuandika wewe."

"Nani kakwambia usome karatasi za watu?"

"Ndiyo kazi yangu. Mtu akikana maandishi yake, au akidai ya mwenzake, mimi napima. Nahesabu vile vineno vidogo ambavyo mtu havioni akiandika. Huyu wa ukurasa wa kwanza kila mara 'kwa kuzingatia ukweli kwamba'. Wewe unasema 'kwa sababu' na safari inaendelea."

Alikuwa amepatia. Ukurasa ule ulikuwa wa Mkuu wa maabara alikofanya kazi dada. Siku hiyo hiyo wakapeana namba. Dada akamhifadhi kwenye simu kwa jina la Kikohozi, naye akahifadhiwa kwa jina la Mchokonozi, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuchokonoa mifumo ya kompyuta mpaka apate tundu, kisha awaambie wenye mfumo walizibe.

Mchokonozi hakuwa mtu wa kusema mapenzi mdomoni. Ukimtazama usoni na kumwambia unampenda, atakuuliza kama umekula. Lakini mpe simu! "Kikohozi changu cha mwaka mzima, nani kakuruhusu utoke kifuani mwangu asubuhi yote hii?" Aliandika hivyo akiwa kazini, akiwa kwa mpaka rangi kucha, akiwa kwenye mikutano. Katika miezi kumi na moja alituma ujumbe elfu tatu na ushee.

Sasa niwaambie habari za Mkuu, ila anayekula amalize kwanza. Mkuu alikuwa na tabia ya kulamba kidole gumba kabla ya kufunua kila karatasi, hata karatasi za watu wengine, zikawa zinarudi na alama ya unyevu pembeni. Kila msichana alimwita "binti yangu", na kila alipomwita hivyo mkono wake wenye jasho ulikuwa tayari begani. Na jina lake aliliweka juu ya kila kilichoandikwa katika maabara ile. Alikuwa na utaratibu: watafiti wote saba waliandikia kwenye akaunti moja, ya kwake, kwa nywila moja. Eti usalama. Watu hawa kazi yao ni kuwafundisha wenzao wasigawane nywila, na wote saba walikuwa wakiigawana kama chumvi.

Mchokonozi alichimba mfumo wa majibu ya vipimo wa hospitali kubwa ya mji kwa miezi saba. Akagundua kwamba mgonjwa akibadilisha tarakimu moja tu kwenye anwani ya ukurasa wake, anafunguliwa majibu ya mgonjwa mwingine, jina na ugonjwa. Hospitali ikaziba. Makala ikakubaliwa na jarida. Ilipotoka nakala ya mwisho, jina la kwanza lilikuwa la Mkuu, la pili la shemeji yake Mkuu, ambaye hata simu yake hufunguliwa na mkewe. Mchokonozi alikuwa mwishoni kabisa, kwenye shukrani: "kwa kutusaidia kupanga majedwali."

Akapeleka malalamiko kwenye Kamati ya Maadili. Kamati ikaangalia akaunti: kila neno limeandikwa na Mkuu. Ikamwambia alete maandishi yoyote ambayo bila shaka ni yake, yalinganishwe na makala. Alikosa. Chuoni alihitimu kwa mitihani mitupu, na tangu aajiriwe kila alichoandika kilipitia akaunti ile. Akishindwa, mkataba wake ungekatwa kwa kumchafua mkubwa wake, na utafiti ungebaki wa mlamba kidole milele. Usiku na mchana alijiona mwizi wa kazi yake mwenyewe.

Kikohozi aliumia kumwona vile. Wikiendi moja akajifungia na simu yake mwenyewe. Maandishi ya Mchokonozi yalikuwepo, elfu tatu na ushee! Akayatoa yote, akayapima dhidi ya makala, na majibu yakalingana mpaka akaruka kitini. Kuanzia ukurasa wa pili hadi wa mwisho, mwandishi alikuwa mmoja. Wanaume wengine humfurahisha mpenzi kwa maua. Huyu alichapa majedwali, na meseji zenyewe kama viambatisho, Jumatatu akayapeleka kwenye kamati bila kumwambia mwenyewe, akasubiri ashukuriwe.

Jumatano asubuhi Mchokonozi alikutana na Mkuu kwenye korido. Mkuu akasimama, akaweka ngumi mdomoni, akakohoa kidogo.

"Binti yangu. Na kile kikohozi chako cha mwaka mzima, hakijambo? Hakijatoka kifuani?"

Nyuma yake shemeji alicheka kwa pua. Karani wa kamati, aliyekuwa akipita na mafaili, akatazama sakafu. Mchokonozi hakuelewa kwa sekunde mbili, kisha akaelewa vyote kwa pamoja. Maneno yake, yaliyokuwa ya mtu mmoja tu, yalikuwa yametoka kwenye kinywa kile kilichojaa mate. Alikimbilia chooni akatapika chai yote. Alipomaliza akapiga simu.

"Niambie hukupeleka meseji zangu kwenye kamati."

"Mpenzi, tulia nikwambie, majibu ni mazuri ajabu. Yaani yamelingana kwa..."

"Nimekuuliza swali."

"Nimepeleka. Nilitaka kukuokoa."

"Umenivua nguo mbele ya yule mzee, halafu unanisomea majibu?"

"Sikufikiria kwamba..."

"Ulifikiria sana! Ulikaa ukahesabu. Haya, nimesema 'moyo' mara ngapi?"

Hata mjinga angenyamaza hapo. Yeye, kwa kuwa ameulizwa, akajibu.

"Mia mbili na nne."

Mchokonozi akakata simu, akaifuta namba.

Na hasara ikawa tupu, kwa sababu kamati iliikataa ripoti: imeandikwa na mchumba wa mlalamikaji. Wakasema watatafuta mpimaji kutoka nje, ila atahitaji meseji zenyewe kutoka kwenye simu ya mwenye nazo, kwa saini yake, ndani ya siku kumi.

Siku hizo Mchokonozi alihamia kwa dada yake mkubwa, mwenye duka la dawa.

"Mwanaume wa kukuhesabu!" dada mkubwa alifoka akipanga chupa. "Mimi nahesabu vidonge. Mgonjwa simhesabu."

Siku ya sita Kikohozi akaingia dukani, shati limekunjamana, ndevu hazijanyolewa.

"Kikohozi?" dada mkubwa akamuuliza kwa sauti ya dukani. "Dawa iko rafu ya tatu. Ukinunua uondoke."

"Shikamoo dada. Naomba dakika mbili na mdogo wako."

Mchokonozi akatoka nyuma ya pazia na kanga begani. Hakumkaribisha kiti.

"Nimeondoa ripoti yangu," akasema kijana. "Na nimeiandikia taasisi yangu kwamba nilipima maandishi ya mtu bila idhini yake. Wamenisimamisha utafiti mwaka mzima."

"Nani kakutuma?"

"Hakuna. Ndivyo ilivyokuwa, nikasema."

"Unataka nikuonee huruma."

"Hapana. Sikutaka habari hizi uzisikie kwenye korido." Akaweka karatasi kwenye meza ya vioo. "Ukiamua kupeleka simu yako, na mimi humo nimo. Nimesaini wasome na meseji zangu. Hata ile niliyokuandikia nikilia."

"Sikukuona wewe ulipokuwa unanipima," akasema Mchokonozi. "Ulikuwa unaniona mimi?"

"Nilikuwa naona namba. Ndilo kosa langu."

"Toka."

Akatoka. Mchokonozi alimchukia, na alijichukia zaidi, kwa sababu alitamani kulinusa lile shati lililokunjamana.

Siku ya kumi alivaa suti nyeusi, akaenda. Wajumbe watano walikuwa mezani, Mkuu pembeni na kitambaa chake cha jasho. Mchokonozi akaweka simu katikati ya meza, ila hakuiachia.

"Nitasaini. Lakini ile ripoti ya kwanza ilikuja kwenye bahasha ya siri. Kabla sijasaini, kila aliyesoma meseji zangu anyooshe mkono."

Mwenyekiti akakohoa, kisha akaona aibu ya kukohoa. Wajumbe wakanyoosha mmoja mmoja. Karani akanyoosha. Mkuu akabaki anapangusa shingo.

"Na nakala ya Mkuu ilitoka wapi?" Mchokonozi akauliza.

Karani, mama wa makamo ambaye miaka yote alikuwa hatazami mtu, akamtazama Mchokonozi.

"Mimi nilimpa. Aliniambia ni haki yake. Akazisoma ofisini kwake kwa sauti, na shemeji yake. Nisamehe, mwanangu."

Hapo ndipo akaachia simu.

Mpimaji wa kutoka nje alikuwa bibi mwenye miwani mizito, asiyemjua yeyote kati yao. Alichukua wiki mbili. Akaandika ukurasa mmoja: makala yote imeandikwa na mwenye simu, isipokuwa ukurasa wa kwanza. Jarida likasahihisha. Jina la Mchokonozi likawa la kwanza na la peke yake. Mkuu hakufukuzwa. Watu wa aina yake hawafukuzwi. Alistaafu kwa heri, akakatiwa keki, akalamba krimu kidoleni huku wakimpigia makofi, na mpaka leo nikiikumbuka keki ile roho inanichafuka.

Mchokonozi alilisoma jina lake mara tatu akiwa amekaa kwenye ngazi za maabara. Alisubiri furaha ije peke yake. Haikuja. Akapiga namba ambayo aliifuta na bado aliijua kwa kichwa.

"Wameandika jina langu."

"Nimeona," akasema Kikohozi. "Nimefurahi mpaka nimekaa chini."

"Hukuhesabu herufi?"

"Sikuhesabu chochote."

Wanafunzi walipita katikati ya ngazi wakicheka mambo yao.

"Kuna kitu nataka kukwambia," akasema Mchokonozi, "na sitakiandika tena maisha yangu yote. Itabidi ukisikie."

"Nakusikiliza."

"Si kwenye simu."

"Umenisamehe?"

"Hapana. Bado unanichefua. Njoo."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Na hiyo simu uiache huko huko."