Programu Iliyoachwa na Fundi Wake

Basilia Colque alianza kila asubuhi kwa kikombe cha api, kinywaji kizito cha mahindi, ikiwa ya moto. Asubuhi za Oruro, mji wa milimani, ni za baridi kali, na vidole vilivyoganda havishiki sindano. Mumewe, Severo, huwa ameshakaa kwenye cherehani. Wao hushona mavazi ya ngoma ya mashetani, ile inayochezwa siku ya Kanivali kwa heshima ya Bikira wa Mgodini. Severo hukata na kushona. Basilia hutarizi majoka na nyoka kwa nyuzi za dhahabu.

Kazi ya kompyuta ilikuwa ya Basilia pia. Humo aliweka michoro ya mapambo na vipimo vya kila mteja: kifua, kiuno, mabega, urefu wa mguu. Alitumia programu ya ofisi waliyoinunua zamani, binti yao Yhoselin alipokuwa bado anajifunza kutembea. Sasa Yhoselin alikuwa anasoma chuo huko Cochabamba, na programu ilikuwa ile ile.

Siku moja, alipoifungua, maandishi yalijitokeza: "Huduma kwa toleo hili imekwisha. Tafadhali hamia toleo jipya." Basilia akayafunga. Kesho yake yakarudi.

"Severo, yametokea tena," alisema.

"Yanasemaje?"

"Kwamba watengenezaji hawaihudumii tena hii programu."

Severo alicheka. "Kwani lini walikuja kuihudumia? Umewahi kuwaona hapa, hata kuja kunywa api tu?"

"Sijawaona."

"Basi! Wanataka tununue nyingine. Tazama cherehani hii ya baba. Aliyeitengeneza ameshazikwa, na bado inashona. Fanya kazi, mama Yhoselin, Kanivali inakuja."

Basilia aliyafunga maandishi, lakini roho yake haikutulia. Aliinuka, akachungulia dirishani, akarudi kukaa. Programu ilifunguka vizuri. Iliandika vizuri. Kwa nini basi alihisi kama mtu aliyetoka nyumbani bila kufunga mlango?

Wiki hiyo kikundi cha Bwana Herculano Ticona kilikuwa kimeagiza mavazi. Siku ya Alhamisi barua pepe iliingia, nayo ina jina la Bwana Herculano. "Vipimo vya wachezaji wapya vimeambatishwa," ilisema. Basilia aliifungua faili. Ukurasa ulikuwa mtupu. Akaifunga, akafungua tena. Mtupu.

"Huyu mzee naye," alinong'ona. "Anatuma karatasi nyeupe!"

Walipomaliza chakula cha mchana alirudi kutafuta kipimo cha mabega. Faili haikufunguka. Akajaribu nyingine. Nayo ikagoma. Majina yote yalikuwa yamegeuka herufi zisizosomeka. Kisha kioo chote kikawa chekundu, na maandishi makubwa yakasema: lipa, ama hutaziona faili zako tena.

"Severo!" alipiga kelele. "Severo, njoo!"

Severo alikuja na mkasi mkononi. Alikitazama kioo, akamtazama mkewe. Safari hii hakucheka. Alitoka mbio kumwita jirani yao.

Jirani huyo ni Mwalimu Ninfa Ayaviri, anayefundisha kompyuta katika chuo cha ufundi. Mwalimu Ninfa aliingia, akachomoa waya wa intaneti kabla hata ya kusalimia.

"Mmefungua nini?"

Basilia alieleza huku anazunguka chumbani. Mwalimu akamwambia ampigie simu Bwana Herculano.

"Barua pepe gani, mama?" Bwana Herculano alishangaa. "Mimi kompyuta sina. Nina simu hii, na yenyewe hunisumbua."

Severo alisema, "Tuwalipe yaishe."

"Usiwalipe," Mwalimu alimjibu. "Hao ni wezi waliotumia jina la Bwana Herculano. Wako waliolipa na hawakurudishiwa chochote. Kesho tutaripoti polisi. Sasa niambieni, programu hii bado ilikuwa inahudumiwa na walioitengeneza?"

Basilia na Severo walitazamana.

"Ilisema huduma imekwisha," Basilia alisema kwa sauti ndogo.

"Lakini ilikuwa inaandika vizuri!" Severo alidakia. "Cherehani yangu nayo haina wa kuihudumia."

"Cherehani yako haijaunganishwa na dunia nzima, Bwana Severo. Hii imeunganishwa. Sikiliza. Kila programu ina matundu ambayo fundi wake hakuyaona. Siku moja tundu linagunduliwa. Fundi anatuma kiraka kwa njia ya intaneti, kinajibandika chenyewe, wewe unaendelea na kazi. Hiyo ndiyo huduma. Ndiyo maana hukuwahi kumwona mtu akija hapa."

"Na huduma ikiisha?"

"Programu haifi. Inaandika vile vile. Ila tundu jipya likigunduliwa, hakuna wa kuliziba. Wezi wanalijua, wanapitia hapo hapo. Leo wamepita ndani ya ile faili."

Severo alikaa chini kwenye marundo ya vitambaa. "Vipimo vya watu wote," alisema. "Wote!"

"Mna nakala mahali pengine?"

Basilia alikumbuka flashi ambayo Yhoselin aliitumia kuchapishia michoro alipokuja likizo, akaiacha kabatini. Aliileta mbio na kutaka kuichomeka.

"Si kwenye mashine hii!" Mwalimu alimshika mkono. "Itaharibika nayo."

Waliipeleka kwa Mwalimu, kwenye kompyuta yake. Michoro yote ilikuwemo. Vipimo havikuwemo hata kimoja.

Jumapili Basilia alikwenda kwenye mazoezi ya ngoma, ana futi ya kupimia shingoni. Aliwaambia wachezaji ukweli wote. Wengine walinung'unika. Akaanza kuwapima upya, mmoja mmoja, uwanjani, upepo ukiwapiga.

"Andika kiuno cha mwaka jana tu," Bwana Herculano alisema huku amebana tumbo.

"Cha mwaka jana kimeibwa, bwana. Achia pumzi! Utacheza mpaka kanisani bila kupumua?"

Watu wakacheka. Basilia naye alicheka kidogo. Kisha akaja mama mmoja, Casimira, ambaye angecheza kwa mara ya kwanza.

"Mama yangu amepona," Casimira alisema. "Nilimwahidi Bikira nitamchezea. Nguo itakuwepo, dada?"

"Itakuwepo," Basilia alijibu. Lakini alirudi nyumbani anatembea kama anayekimbizwa.

Nyumbani, Mwalimu Ninfa alikuwa ameifuta kompyuta yote na kuianza upya.

"Mnaweza kulipia toleo jipya," alieleza, "au mkatumia programu nyingine ya ofisi inayotolewa bure."

"Ya bure ina mtego," Severo alisema. "Kule sokoni kuna anayeuza ile ya kulipia kwa bei ya mkate."

"Hiyo ya sokoni ndiyo yenye mtego. Imevunjwa kufuli, hujui mvunjaji ameacha nini ndani. Hii ya bure nimeichukua kwa watengenezaji wenyewe, na bado wanaihudumia. Mtu akikupa programu, muulize: nani anaihudumia, na mpaka lini?"

Walifungua michoro ya zamani katika programu mpya. Mistari michache ilikuwa imehama, Basilia akairudisha mahali pake. Mwalimu alimwonyesha jinsi ya kuiruhusu kompyuta ipokee viraka yenyewe. Wakabadilisha neno la siri la barua pepe. Vipimo vipya viliingizwa, na nakala ikawekwa kwenye diski ndogo inayochomolewa kazi ikiisha na kufungiwa kabatini.

"Na faili usiyoitarajia?" Mwalimu aliuliza.

"Napiga simu kwanza," Basilia alisema.

Walishona kwa haraka, wanakula chakula wamesimama. Jumamosi ya Kanivali mashetani walishuka barabarani, pembe juu, majoka ya dhahabu yakimetameta vifuani. Casimira alipita karibu kabisa na Basilia. Alikuwa analia na kucheza kwa pamoja, na nguo ilimkaa sawasawa mabegani.

Baada ya sikukuu, katika mkutano wa watarizi, Basilia alisimama akasimulia yaliyowapata. Wengine walimcheka. Gualberto, mshindani wao wa miaka mingi, alicheka kuliko wote.

Jumatatu mlango uligongwa. Alikuwa Gualberto, amebeba kompyuta mgongoni kwa kitambaa cha aguayo, kama mama aliyebeba mtoto.

"Na yangu inasema huduma imekwisha," alisema, macho chini. "Niliyafunga yale maandishi mwaka mzima."

Severo alisogeza vitambaa mezani kumpa nafasi.

"Iweke hapa," Basilia alisema. "Waya wa intaneti usiuchomeke bado. Kwanza tutoe nakala."